Chungu cha Siti si Aibu: Kuusoma Wasifu wa Siti binti Saad Tukiwa Ruanda

Wapo waandishi chipukizi wenzangu wanaoamini kwamba riwaya inaanzia stendi. Yaani mpaka mhusika apande basi la alfajiri, aliache shamba la kahawa la babake, ashuke Dar es Salaam na kuibiwa begi, ndipo hadithi iwe hadithi. Nimepitia miswada mitano ya vijana wa huku kwetu Mbinga, na yote mitano ina basi katika sura ya kwanza. Mmoja una mabasi mawili. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni lilelile: "Sasa huku kuna nini cha kuandika, kaka?"

Swali hilo halijibiwi kwa maneno ya kutiana moyo. Linajibiwa kwa kitabu, tena kitabu kilichokwishaandikwa. Nataka tukifungue upya "Wasifu wa Siti binti Saad" wa marehemu Shaaban Robert. Wengi tunaujua kwa jina, na baadhi yetu tuliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Ndugu msomaji, unajua tulivyofundishwa kusoma: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwake na kutofaulu kwake, kisha fani na maudhui kama vile kitabu ni kuku wa kuchinjwa na kugawanywa. Ukimaliza kukigawa hivyo hujui hata mtu aliyemo ndani alikuwa anakula nini.

Kwa asiyeusoma, habari yenyewe ni hii kwa kifupi. Siti alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa kisheria, jambo lililofanyika mwaka 1897, kwa hiyo jina lile lilikuwa na uzito wake. Akakulia kwenye ufinyanzi, akauza vyungu kwa miguu. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na kushika mahadhi, akaungana na wanaume waliojua vyombo: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Taarabu iliyokuwa ya jumba la Sultani, ikiimbwa Kiarabu tangu enzi za Seyyid Barghash, ikasikika kwa Kiswahili katika nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1928 kundi likapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Afrika Mashariki kuuzwa dukani. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwahi akiwa mzee, wakaongea, na mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa kitabu.

Hebu fikiria jambo hilo kwanza kabla hatujaanza kumkosoa mzee wetu. Mwaka ule wa 1950 Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mshairi anayejulikana, mtu wa Tanga. Angeweza kuandika wasifu wa liwali, wa sheikh, wa mfalme yeyote. Akamchagua mwimbaji wa kike asiye na nasaba, asiyesoma shule, aliyekuwa akibeba vyungu kichwani. Katika fasihi ya Kiswahili ya wakati ule, iliyojaa tenzi za mitume na habari za watawala, uchaguzi huo ulikuwa ni tendo la ujasiri. Mimi naona ni ujasiri mkubwa kuliko mwingi tunaojisifia sisi vijana tunaoandika matusi mawili na kuyaita mapinduzi ya fani.

Sasa tumkosoe.

Shaaban Robert ni mshairi wa maadili. Hilo si siri, na hata mtu akisoma kurasa tatu tu za "Kusadikika" atalijua. Tatizo la mwandishi wa maadili ni kwamba ana haraka ya kufika kwenye funzo. Anamwonyesha Siti akiwa na shida, halafu kabla hatujakaa naye chini tukaijua shida yenyewe ina harufu gani, tumekwisha inuliwa kwenda kwenye sifa: subira, juhudi, heshima, shukrani. Ni maneno mazuri. Lakini juhudi ya kufanya nini? Saa ngapi? Na nani? Kwa malipo gani?

Chukua vyungu. Katika masimulizi yote ya Siti, pamoja na yale tunayosimuliana mitaani, vyungu viko pale kama kidato cha kwanza cha ngazi, mahali pa kutoka. Tunasema "aliinuka kutoka ufinyanzini". Tunasema "kutoka muuza vyungu hadi malkia wa taarabu". Hata sisi tukiandika makala za Siku ya Wanawake tunaanza hivyo hivyo. Chungu kinakuwa aibu ambayo sauti ilikuja kuifuta.

Mimi nasema chungu ndicho kilichokuwa shule yake. Angalia kazi ya mchuuzi wa miguu ilivyo. Anatembea njia moja mara nyingi mpaka anazijua nyumba. Anaitangaza bidhaa yake kwa sauti, na sauti hiyo lazima ifike uani bila kupasuka, la sivyo hauzi. Inasemekana watu walimtambua Siti kwa mlio wake kabla hawajamwona, na masimulizi huishia hapo, kwenye uzuri wa sauti. Lakini mchuuzi hapigi kelele tu, anasikiliza pia. Akiutua mzigo uani anajua nani ameachika, nani anadaiwa, nani amepata mgeni kutoka bara, nani ana alama ya kipigo usoni. Mchuuzi ni gazeti linalotembea. Anayajua ya mji kuliko karani.

Sasa zitazame nyimbo zilizomfanya Siti kuwa Siti. Nyingi zilitokana na habari za mji: kesi mahakamani, hakimu, tajiri mdhulumaji, mwanamke aliyeonewa. Wimbo wa Kijiti, ambao mpaka leo watu wa Unguja wanaujua, unahusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa, muuaji akatorokea bara, na waliopata adhabu wakawa wale waliokwenda kutoa ushahidi. Hiyo siyo habari ya kutungwa na mtu aliyekaa kwenye zulia la jumbani. Hiyo ni habari ya uani, inayotaka msikilizaji wa uani na jicho la mtu aliyezoea kuona nani analipa na nani analipishwa. Ufinyanzi haukufutwa na sauti. Uliingia ndani ya sauti. Hapo ndipo ningependa mzee wetu angekaa sana, apige kambi kabisa, na badala yake anatupitisha kama abiria.

Jambo la pili ni wale wanaume wanne. Kitabu ni wasifu wa mtu mmoja, na mtu mmoja lazima awe katikati, nakubali. Lakini mji mdogo hauumbi msanii mmoja. Nyumba ya Siti kule Ng'ambo ilikuwa kama karakana. Majirani walikuja, maneno yakaletwa, mmoja akasema hili, mwingine akarekebisha mshororo, mpiga udi akatafuta mahadhi, na kesho yake mtaa mzima una wimbo. Nataka kujua walikaa vipi. Nani alikunywa chai ya kwanza? Nani alibeba udi siku ya mvua? Pesa ya santuri za Bombay ilipofika, waligawana vipi, na nani alinuna? Mtasema mimi ni mmbeya. Sawa, lakini umbeya huo huo ndio riwaya.

Nitawapa mfano wa kitabu kinachotoka katika mji uleule na kinachojua uzito wa kazi: "Kuli" cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, kinachohusu makuli wa bandari na mgomo wao wa 1948. Ukikisoma mgongo unakuuma. Magunia yana uzito, jua lina ukali, njaa ina saa yake. Rashidi anakuwa mtu kwetu kwa sababu tunajua anabeba nini. Na nyakati zenyewe si mbali: makuli wanagoma 1948, Siti anafariki 1950. Bila shaka baadhi ya wale makuli walizijua nyimbo zake, jioni wakishanyoosha migongo. Ningekuwa na uwezo ningevifunga vitabu hivi viwili kwa uzi mmoja viuzwe pamoja, kwa maana kimoja kinajua kazi na kingine kinamjua msanii, na mji ule ulikuwa na vyote viwili katika mtaa mmoja.

Hapa ndipo wenzangu wa kijiweni hunikatiza. "Unaona? Siti mwenyewe alihama Fumba. Alikwenda mjini. Sasa wewe unatukataza basi la nini?" Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Ni kweli alihama. Na alikuwa na haki ya kuhama, kwa sababu chungu kililipa kidogo, na kijiji kinaweza kukuita Mtumwa mpaka unaingia kaburini. Sitaki mtu aseme narembesha umaskini. Mtu akipata njia aende.

Ila tazameni alikwenda wapi. Alihamia mji aliokuwa ameshautembea kwa miguu, kwa watu walewale waliokuwa wateja wa vyungu. Hakwenda kujifunza kuwa mtu mwingine. Na Ng'ambo penyewe, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, palikuwa ni mahali pa namna gani? Palikuwa makazi ya vibarua, mafundi, wachuuzi, na watu waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Na watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka huku. Njia ya misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita kwa Wayao, ikashuka Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakavuka kwenda Unguja. Wanyasa, Wayao, Wangindo: haya ni majina ya makabila yaliyojaa katika historia ya kisiwa kile. Mnaposikia taarabu ya Ng'ambo mkadhani ni mambo ya Waarabu na karafuu, kumbukeni kwamba katika masikio ya kwanza yaliyoisikiliza yamo masikio yaliyotolewa kwa nguvu katika fukwe hizi, labda Liuli, labda Mbamba Bay, labda ng'ambo ya maji kule Malawi. Hawakupanda basi. Walifungwa shingo.

Kwangu mimi jambo hilo linabadilisha kabisa namna ya kukisoma kitabu. Nilipolitambua nililisoma jina Mtumwa kwa jicho jingine. Siti mwenyewe inasemekana wazazi wake walikuwa na asili ya bara, Unyamwezi na Uzigua, hivyo simdai kuwa wa ziwani. Ninachosema ni kwamba mji aliouimbia ulijengwa na mikono ya watu wetu pia, na mwandishi wa Mbinga anayedhani Unguja ina fasihi na kwetu hakuna kitu ni sawa na mtu anayeisifu nyumba ya jirani hajui kuwa boriti zake zilikatwa msituni kwao.

Basi turudi Ruanda, kwani ndipo ninapoandikia.

Ruanda si mji mkubwa. Ni kata ya Mbinga iliyojulikana kidogo magazetini kwa ajili ya makaa ya mawe ya Ngaka, pale Ntunduwaro, tangu uchimbaji mkubwa ulipoanza mwaka 2011. Malori yanapita, mengine yanapeleka makaa viwanda vya saruji, mengine mpaka bandari ya Mtwara. Vumbi lina rangi mbili siku hizi, jekundu la barabara na jeusi la mzigo. Pembeni ya barabara wamezaliwa mama lishe, mafundi wa pancha, mafundi cherehani, vinyozi, wauza vocha, seremala wa vitanda vya vyumba vya wageni. Ukipanda milimani unakuta wakulima wa Kimatengo na mashimo yao ya ngolo, kilimo ambacho wanaume wanakata nyasi na kuzipanga mirabaraba, wanawake wanazifukia kwa udongo, na mlima mzima unakuwa kama mkeka uliosukwa, mvua haiondoki na udongo. Ukishuka ziwani unakuta wavuvi, na upande wa kaskazini ya ziwa, Kyela, wapo wanawake wa Kikisi wa Lyulilo na Ikombe ambao vyungu vyao vinasafiri kwa mitumbwi na magari mpaka mbali. Ndiyo, vyungu. Yupo Siti mwingine pale sasa hivi anavipanga kwenye nyasi visivunjike, na sisi tunatafuta mhusika Kariakoo.

Na kuhusu muziki, tunao mganda. Kijana wa leo anauona mganda kama ngoma ya wazee na sherehe za serikali, mgeni rasmi akishuka kwenye gari. Lakini utazame vizuri. Ni ngoma ya pande zote mbili za ziwa, yenye ngoma kubwa na vibuyu vinavyopulizwa, wachezaji kwa mstari kama gwaride, sare safi, kapteni wao mbele. Asili yake inahusiana na Vita Kuu ya kwanza, na yale mabendi na gwaride la askari waliyoyaona watu wetu wakiwa mapagazi na askari, kama ilivyokuwa kwa beni ya pwani. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 kuhusu beni na ngoma za ukoo wake. Watu waliburuzwa katika vita isiyowahusu, wakarudi, wakachukua gwaride la bwana wakaligeuza mchezo wao wa kushindana kijiji na kijiji. Wanawake nao wana kioda yao. Sasa niambieni, hicho si kisa?

Nikichukua lawama yangu kwa Shaaban Robert na kuileta hapa, inakuwa lawama kwetu sisi. Sisi tukiandika juu ya mganda tunaandika "utamaduni wetu unapotea" halafu tunaweka nukta. Hatusemi nani anashona zile sare na anadai shilingi ngapi. Hatusemi ngozi ya ngoma inatoka wapi na inakaushwa siku ngapi. Hatusemi kapteni wa kundi mchana ni utingo wa lori la makaa, na kwamba mwaka jana alikosa mashindano kwa sababu lori lilikwama. Tunaruka kazi, tunafika kwenye funzo. Kosa la mzee tumelirithi, ila ujasiri wake wa kuchagua mtu tumeuacha.

Kuna wanaosema miji midogo inahitaji kwanza taasisi ndipo sanaa ije. Watataja Bagamoyo. Sawa, Bagamoyo imekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na kina faida yake. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki wa zeze na ilimba Ulaya, aliishi pale mpaka alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake ukaota mizizi kwenye mchanga wa pwani. Jumba lao la maonyesho lilipoungua mwaka 2002 watu hawakuacha kupiga ngoma. Sikatai taasisi. Ningeletewa chuo Mbinga kesho ningekuwa wa kwanza kwenye foleni, cheti changu cha kidato cha nne mkononi. Ila Ng'ambo ya 1911 haikuwa na chuo. Ilikuwa na chumba, na mlango uliokuwa wazi jioni.

Jambo la mwisho ni lugha ya kitabu. Wapo wanaolalamika kuwa Kiswahili cha Shaaban Robert ni kizito, kimevaa kanzu muda wote. Mimi sioni hivyo katika Wasifu. Ni kizito pale anapofundisha, lakini anapomsogelea mwanamke mwenyewe sentensi zinalainika, unahisi kuna watu wawili wamekaa na mmoja anamheshimu mwingine. Hilo tuibe. Kukaa na mtu mzima wa mtaani kwako, kumwamkia, kumwuliza habari za kazi yake na kunyamaza mpaka ajibu, ni fani ambayo haimo katika orodha tuliyokariri shuleni. Shikamoo ya kweli inafungua mlango kuliko kinasa sauti cha simu.

Nakala yangu ya Wasifu haina jalada na kurasa mbili za mwisho zimeliwa na mchwa. Mwenzetu yeyote wa kikundi anayetaka kuusoma nitamwazima wiki moja, na akirudisha aje na kurasa mbili za kwake kuhusu kazi ya mtu mmoja wa hapa hapa Ruanda, kazi tu, bila basi.